Moyes alionewa Man United, au alijimaliza mwenyewe?

Beki Mstaafu: Mada mezani. Ferguson, kocha aliyekuwa anastaafu Man United, ndiye aliyemchagua David Moyes wa Everton, Mskoti mwenzake, akapewa mkataba wa miaka 6. Aprili 2014 wakamtimua, msimu haujaisha. Nasema alionewa. Alirithi ukuta wa wazee, Ferdinand 35, Vidić na Evra 32, na David Gill, mtendaji mkuu aliyezoea kufunga dili za usajili, aliondoka kiangazi kile kile na babu Ferguson.

Mdau wa Kona: Alionewa na nani? Februari 2014, nyumbani Old Trafford, dhidi ya Fulham waliokuwa wanaburuza mkia, alipiga krosi 82. Sare 2-2.

Chenga Twawala: 81.

Mdau wa Kona: Yaani hiyo moja ndiyo imekuuma? Haya, 81. Mpira unapelekwa pembeni, unamwagwa mapema, Dan Burn wa karibu mita 2 anauondoa kwa kichwa, unarudi pembeni tena. Carrick alipojaribu shuti la nje ya boksi, bao. Hawakujifunza. Dakika za nyongeza Darren Bent akasawazisha.

Chenga Twawala: Krosi zile hata Gor Mahia wa Kenya wangezizuia wakiwa wamelala.

K'Ogalo Damu: Gor imeingiaje hapa? Julai 2017 Everton walitoka jasho mbele ya Gor huko kwenu Dar. Rooney alifunga ya mbali, Tuyisenge wetu akarudisha, mpaka Dowell akawaokoa, 2-1. Na tiketi ya mechi hiyo ilitoka kombe lililochezwa hapo hapo kwenu, fainali ikawa Gor na Leopards, Wakenya watupu. Simba na Yanga walikuwa jukwaani wakila karanga.

Chenga Twawala: Bonanza la kujiandaa na msimu nalo unalihesabu? Novemba 2018 mkawafuata Everton Goodison, mkala 4 bila.

Beki Mstaafu: Jamani, kocha wa Everton huko Dar alikuwa Koeman, si Moyes! Turudi kwa Moyes.

Mdau wa Kona: Turudi. Kipengele cha kumnunua Fellaini kilikuwa pauni milioni 23.5 na kiliisha 31 Julai. Wakasubiri siku ya mwisho ya usajili, wakalipa 27.5. Kocha aliyetoka kumfundisha Fellaini huyo huyo pale Everton! Hapo nani kamwonea?

Beki Mstaafu: Anayelipa ni kocha au ofisi? Ndiyo maana nimemtaja Gill. Kapewa West Ham akatulia, fainali ya 2023 Praha wakaifunga Fiorentina 2-1, Bowen dakika ya 90. Kocha mbovu habebi kombe la Ulaya na Wagonga Nyundo.

Mdau wa Kona: Kombe la tatu kwa ukubwa Ulaya. Sunderland aliishusha daraja, hiyo unairuka?

K'Ogalo Damu: Chenga, nne za Goodison nazikubali. Ila tulifika. Nyinyi mmefika wapi?

Chenga Twawala: Sevilla wa Hispania walikuja wenyewe Dar, Mei 2019. Simba ikawatia 4.

K'Ogalo Damu: Malizia matokeo.

Chenga Twawala: 5-4.

K'Ogalo Damu: Kwa nani?