Hita ya feni inapata moto kupita kiasi na kujizima

Mfugaji wa Mbagala: Wadau, habari za jioni. Nina hita ya umeme ya wati 2000 niliyoinunua kwa ajili ya banda la vifaranga, maana sisi wenyewe hapa Dar es Salaam joto tunalo la kutosha. Kwa siku ya tatu sasa inajizima kila baada ya dakika 20 hivi, na plagi yake, niliyoichomeka kwenye ekstensheni, haishikiki kwa moto. Tatizo ni nini?

Fundi wa mtaani: Ndugu, hayo ni matatizo mawili. Hita inajizima kwa sababu kinga yake ya joto inakata umeme pale hewa isipopita vizuri, na kwenye banda vumbi la maranda huziba matundu upesi. Ichomoe, ipoe kabisa, kisha isafishe kwa brashi kavu. Kinachonitisha zaidi ni plagi: wati 2000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9, mzigo ambao ekstensheni yenye nyaya nyembamba haiuwezi. Tumia soketi ya ukutani, na plagi ikiendelea kupata moto, soketi hiyo imelegea, ibadilishwe.

Mama Kuku: Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 tu. Kwa banda dogo, balbu ya joto ingetosha.

Mfugaji wa Mbagala: Shukrani. Matundu yalikuwa yamejaa vumbi, na ekstensheni nimeikuta imeanza kuyeyuka kwa ndani. Nimeitupa.