Mama anaumwa mapafu, mbona mapaja ndo yanayoisha?

BintiWaIgombe
Wadau habari za jioni, mwenye uelewa anisaidie. Mama yangu kabanika sangara huku Igombe toka mimi sijazaliwa, mnavijua vile vibanda vya bati moshi mpaka machozi, sasa wamempulizisha kile kimashine wakasema COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Makohozi yamepimwa TB hakuna, VVU hana, sukari iko poa. Kikohozi nimeshakizoea, kinachonichanganya ni miguu. Mapaja yamekwisha, akitaka kuinuka kwenye kigoda mpaka ashike meza, na ugali anamaliza kama kawaida. Nikamuuliza daktari akasema ndo ugonjwa wenyewe huo. Mapafu yapo kifuani jamani, miguu imekosa nini? Nasikia kuna watu wa maabara wanachunguza misuli, wameshapata nini?

MzeeWaMwaloni
Uzee huo mwanangu. Mpe supu ya kongoro.

MsomaMisuli
Shikamoo mzee, kongoro sio mbaya ila hapo sikubaliani na wewe. Uzee unachangia ila wagonjwa wa COPD wanakondeana mapaja kuliko watu wa umri wao wasioumwa, hilo limepimwa sana huko Ulaya na Kanada.

Iko hivi dada. Wanachukua kinyama kidogo cha paja kwa sindano nene, wanakigandisha fasta kwenye kimiminika kilichopozwa na naitrojeni, maana kikiganda taratibu barafu inatoboa matundu na sampuli imeshakufa hiyo, afu wanakikata kiwembamba na kukipaka rangi. Wanachokuta ni kwamba nyuzi za polepole, zile za kustahimili zinazotumia oksijeni vizuri, zimepungua, zimebaki nyingi zile za haraka zinazochoka mapema. Sasa utamu uko hapa, ule msuli mkubwa wa kuvutia pumzi chini ya mapafu kwa wagonjwa haohao unaenda kinyume, nyuzi za polepole zinaongezeka! Damu ni ileile, kemikali za uvimbe (inflamesheni) zilizomo kwenye damu ni zilezile, tofauti ni kwamba msuli wa pumzi haupumziki usiku na mchana na paja limekaa tu kwa sababu mama akitembea anakosa hewa. Ndo maana mimi naona kukaa bila kutumia miguu kuna mkono mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kingine, seli ina mitambo yake ya kubomoa protini. 2001 zilitambuliwa protini mbili, MuRF1 na atrojini-1, kazi yao ni kuchagua protini ya msuli na kuitia alama, kama nyumba za kwenye hifadhi ya barabara zinavyopigwa X nyekundu, ikishapigwa tu inaenda kuvunjwa. Kinachoziamsha ni kutotumia msuli, uvimbe, na dawa za prednisoloni nazo zimo.

Maabara nyingi wanatumia seli za msuli wa panya zinaitwa C2C12, unazinyima kidogo seramu (majimaji ya damu yanayozilisha) zinaungana zinakuwa mirija mirefu, unamwagia maji yaliyopitishwa moshi wa sigara, unapima mirija imesinyaa kiasi gani. Wengine wanavutisha moshi panya wazima miezi kadhaa, ila hapo kuwa makini maana panya wa moshini anakula kidogo, kwa hiyo kama hawakuweka kundi lingine linalopewa chakula kilekile kidogo bila moshi, matokeo hayo mimi nayasoma kwa jicho la pembeni. Na karibu wote ni moshi wa sigara, wa kuni kama wa mama umefanyiwa kazi kidogo.

MzeeWaMwaloni
Marahaba. Haya dawa iko wapi sasa, maana mmeshachinja panya wengi

MsomaMisuli
Haha mzee! Ipo iliyojaribiwa kwa watu wa COPD, bimagrumabu, inaziba njia ya myostatini ile inayozuia misuli kukua. Majibu yalitoka 2019, paja liliongezeka kweli, ila umbali wa kutembea kwa dakika 6 haukuongezeka. Nyama bila mazoezi bado ni nyama tu.

BintiWaIgombe
Asante sana kaka nimeelewa. Sasa mama akizidiwa huwa anapewa hizo prednisoloni, nimwachishe?

FizioPasiansi
Usimwachishe dada!! Zile za siku chache akizidiwa zinamsaidia, kama anazimeza mfululizo miezi na miezi hapo ndo umuulize daktari. Kilichothibitika ni mazoezi, huwa tunawapeleka wiki 6 mpaka 12. Aanze kuinuka na kukaa kwenye kiti, akihema sana apumzike, apulize pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, afu arudie. Kutembea tambarare kwanza, vilima vya mawe vya huko kwenu baadaye. Na kwenye kibanda asirudi, hata "kugeuza samaki kidogo" hapana.

BintiWaIgombe
Kibanda nishamkabidhi mdogo wangu, nae nimemwambia tutoboe madirisha. Kwa kiti hata mara tatu hafiki anagoma

FizioPasiansi
Kigoda kifupi kinamuonea. Mtafutie kiti kirefu, muwekee na mto juu, akizoea unatoa mto.