Manahodha wa boti za watalii kaskazini Unguja: mtatuua sisi wa mbao, na nyangumi mtawahamisha

Salaam wanajamvi. Mods, tafadhali msiuhamishie uzi huu kule kwenye jukwaa la safari na picha. Nimekuja kulalamika, na nimekuja na hasira.

Kazi yangu ni kufundisha ubao wa tanga (windsurfing), wageni na vijana wa kwetu pia. Upepo ukilala tunatoka na zile mbao za kusimama na kupiga kafi. Niko pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja. Sisi riziki yetu ni kusi, na kusi hilohilo ndilo linalokuja na nyangumi wenye nundu. Kuanzia Julai mpaka Oktoba wanapanda kutoka bahari ya Antaktika kuja kupandana na kuzaa kwenye maji yetu ya uvuguvugu. Ukitoka nje ya mwamba miezi hiyo, kukutana nao si muujiza. Wavuvi wanakutana nao, na sisi tunakutana nao. Pomboo ndio usiseme, hao mwaka mzima.

Sasa kuna watu humu huniuliza, hamuogopi? Mnyama wa mita 13 hadi 16, tani 30 na ushei, na wewe umesimama juu ya kiubao? Naogopa, ndiyo. Ila niseme ninachokiogopa hasa, maana wengi mnadhani ni mnyama.

Nyangumi akiachwa na shughuli zake hana haja na wewe. Unamsikia kabla hujamuona, pumzi inatoka kwa kishindo, na upepo ukiwa upande wako inakufikia harufu, ambayo wallahi si ya kuitamani. Anazama. Dakika tano, kumi, wakati mwingine kumi na tano, kimya. Alipopiga mkia chini, juu maji yanalala, linabaki duara laini lisilo na kiwimbi hata kimoja, na ukiyaona yale maduara yamefuatana unajua anaelekea wapi. Basi unakaa kitako kwenye ubao, hupigi kafi kumfuata, unamwachia njia. Hapo hatari ni moja tu: ubao hauna sauti. Boti yenye mashine anaisikia toka mbali, wewe huenda hajui upo. Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi wagonge ubao kwa kafi, ko ko ko, ajue juu kuna mtu. Mwaka 2023 kule Mona Vale, karibu na Sydney, Australia, jamaa aliyekuwa kwenye ubao wa bawa (unashika bawa la upepo mikononi) aliangukiwa na nyangumi aliyeruka, na ile kamba ya mguuni inayomfunga mtu na ubao ikanasa, akavutwa chini mpaka ilipokatika. Alitoka mzima. Mambo hayo hutokea, sikatai, lakini ni nadra mpaka yanakuwa habari ya dunia nzima.

Boti za watalii haziingii kwenye habari ya dunia, na kwetu ni kila siku.

Nieleze lililotokea Septemba. Asubuhi, kusi jepesi, tukatoka mlango wa mwamba, ule upenyo wa kutokea nje baharini, na mbao tatu: mimi, mdogo wangu ambaye ndiye msaidizi wangu, na mgeni mmoja mama wa Kijerumani, mzoefu wa ubao kuliko nusu ya vijana wanaojiita walimu hapa ufukweni. Mbele yetu, mita mia moja hivi, akatoka mama na mtoto. Mtoto bado mdogo kabisa. Wanazaliwa na mita nne hivi, na huyu hakuwa amepita hapo sana. Tukakaa kitako. Hatukusogea. Mtoto anapanda kuvuta pumzi mara kwa mara kuliko mama, kwa hiyo tulimuona yeye zaidi, anatoka, anarudi chini ubavuni pa mamake.

Haikuchukua muda. Mnajua hivi vikundi vya WhatsApp vya manahodha: mmoja akiona mgongo tu, sauti inarushwa, na kila mwenye boti ya fiberi anageuza usukani. Zikaja nane au tisa, mashine wazi, kutoka pande mbili. Yaani wamewaweka wale wanyama katikati. Nikasimama nikapunga kafi, nikapiga kelele, "Kaka, zima mashine, kuna mtoto!" Nahodha wa boti ya mbele akanijibu, "We kijana toka hapo, unawaziba wageni wangu!" Nawaziba! Niko baharini juu ya ubao wa futi kumi na moja, nawaziba.

Akapita kati yetu na nyangumi. Wimbi la boti likamwangusha yule mama wa Kijerumani, akaliachia kafi, na boti iliyofuata ikapita juu ya kafi. Rafadha ikalikata vipande viwili. Yeye mwenyewe alikuwa hatua chache tu kutoka pale, kichwa tu ndicho kilichokuwa juu ya maji. Hakuna boti iliyopunguza mwendo. Wote walikuwa wanapiga kelele "Rukeni! Rukeni!" na wageni wanarushwa majini na miwani na mapezi, wengine hawajui hata kuogelea vizuri, wamevalishwa jaketi okozi wamelalia mgongo hawaoni kitu isipokuwa mbingu. Ndicho walicholipia.

Mama nyangumi akazama. Mtoto akachelewa, akatoka upande mwingine, boti mbili kati yake na mamake. Akawa anapiga mapezi juu ya maji. Halafu wakaonekana mbali kaskazini, wako pamoja, alhamdulillahi, wanakwenda kasi, na nusu ya boti nyuma yao. Aliyetuletea kile kipande cha kafi ni mzee mmoja mvuvi mwenye ngalawa, naye aliwatukania manahodha mama zao kwa matusi ambayo mods wangenifungia nikiyaandika hapa.

Nilimkuta yule nahodha pwani jioni. Unajua alinijibu nini? "Kafi tu hilo, bosi, nitakununulia." Mpaka leo. Na kafi la kaboni si bei ya mwiko. Lakini achana na kafi. Ingekuwa mkono je? Ingekuwa shingo?

Sitaji boti wala kampuni, msinisumbue inbox. Wanaohusika wanajijua, na tatizo ni kubwa kuliko mtu mmoja.

Hebu tuzungumze kuhusu huyo mnyama mwenyewe, maana kuna wanaosema "nyangumi mkubwa vile boti itamfanya nini". Mama huyu akiwa kwetu hali. Chakula chake kiko kule kwenye baridi alikotoka, huku anaishi kwa mafuta ya mwilini na kwa mafuta hayohayo anamnyonyesha mtoto anayetakiwa anenepe kabla ya safari ya kurudi kusini. Kila mkimkimbiza mnamla mafuta yale. Halafu mama na mtoto huongea kwa sauti ndogo sana. Watafiti waliowawekea vifaa vya kurekodi kule Exmouth Gulf, Australia, walilieleza hilo mwaka 2017, kwamba wananong'ona, na wanadhani ni kujificha na wanaomwinda mtoto. Sasa weka mashine tisa juu ya mnong'ono huo. Mtoto akipotezana na mama ndani ya kelele, atamsikiaje?

Na kwa pomboo hatuna hata haja ya kwenda Australia, jibu liko kisiwani. Kizimkazi, kule kusini mwa Unguja, watu waliokuwa wakiwavua pomboo kufanya chambo cha papa waliacha miaka ya 1990 kwa sababu waligundua mgeni analipa zaidi kumuona akiwa hai. Jambo zuri, nawapa heshima yao. Lakini utafiti uliochapishwa 2010 juu ya pomboo hao ulionesha boti za watalii zikiwepo, wanapunguza kupumzika, wanapunguza kutafuta chakula, muda wao mwingi unakwenda katika kusafiri tu. Kusafiri maana yake wanatukimbia. Tumeacha kuwaua kwa chusa, tunawachosha kwa mashine.

Miongozo ya namna ya kumkaribia pomboo ipo, msiniambie haipo. Njoo taratibu, njoo kwa ubavu, usimkate mbele, usizunguke, boti zisijazane. Nahodha yeyote wa zamani anaijua kwa moyo, muulize atakusomea yote kisha kesho mkute anavyoendesha. Hawaii sheria inataka yadi 100 kutoka kwa nyangumi mwenye nundu, karibu mita 90, na haijali uko kwenye boti, ubao au unaogelea. Afrika Kusini, asiye na kibali maalumu, mita 300. Kwetu umbali ni mpaka mgeni apate picha.

Nilipeleka malalamiko kwenye ofisi moja. Siitaji. Nikaambiwa nilete namba ya usajili ya boti. Nikasema ndugu yangu, nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya ubao namvuta mtu majini, ningeandikia wapi? Nikaambiwa basi "tutafanya doria". Doria inafanywa na boti gani, kwa mafuta yapi, sijui, mie sijaiona. Ila ada ya kuingia eneo la hifadhi inakusanywa bila kukosa hata asubuhi ya mvua.

Wenye hoteli nao wasijifiche nyuma ya manahodha. Nani anayemuahidi mgeni kwenye tovuti kwamba "utaogelea na pomboo"? Nahodha anapewa wageni kumi na ahadi aliyoitoa mtu mwingine, akirudi bila pomboo mgeni anadai pesa, na anayekatwa ni nahodha. Namuelewa hapo. Simsamehe, lakini namuelewa. Kama ahadi ingekuwa "utakwenda baharini, ukibahatika utaona", nusu ya wazimu huu ungekwisha.

Na nyinyi wenzangu wa kukodisha mbao, msifurahie mkadhani nimewaacha. Juzi nimemkuta kijana amemkodisha mgeni ubao wa kafi, kusi limesimama, maji yanakupwa, amemuonesha kidole nje ya mwamba: nyangumi wako kule. Mgeni hana filimbi, hana maji ya kunywa, kamba kaifunga mguuni tu badala ya mkanda wa kiunoni unaofunguka kwa kuvuta. Maji ya kupwa yanatoka mlangoni kwa nguvu, mgeni angekuwa anatazama mwamba kwa nyuma tu. Papasi mwenyewe, yule kijana dalali wa ufukweni, yuko kivulini anahesabu noti. Na wale wa tanga na kaiti (tiara kubwa linalovuta ubao) mnaokatiza mbele ya pomboo ili droni ipate video, kutokuwa na mashine hakukupi ruhusa. Unakwenda kasi, hausikiki, na pezi la ubao linakata. Kaskazi likiingia nenda Mafia ukawaone papa potwe wa Kilindoni, samaki mpole anayechuja vidudu vya baharini juujuu ya maji, hana hata habari kama upo. Huyo ukimpitia mgongoni hakukimbii. Atabaki na alama.

NYONGEZA: Nimesoma majibu, nawajibu wachache.

Aliyesema "nyie wa mbao ndio kero, mnawashtua kwa kuja kimya": una hoja, na nimeandika hapo juu kwamba ubao hausikiki. Ndiyo maana tunakaa mbali na tunagonga ubao. Lakini usilinganishe kafi na mashine mbili za farasi mia.

Aliyesema nawaonea watu wa kwetu wanaotafuta riziki: mie ni wa wapi? Mdogo wangu ni wa wapi? Yule mzee wa ngalawa je? Nyavu zake zinapitiwa na boti hizohizo, na hakuna anayemwita mtafuta riziki.

Nahodha aliyeniandikia inbox akisema yeye huzima mashine na wenzake wanamcheka: kaka, nakuheshimu. Njoo uandike hapa hadharani, hata bila jina, maana wakilisikia kutoka kwa mwenye usukani watalichukua tofauti na likitoka kwangu.

Na wewe uliyeuliza bei ya safari ya kwenda kuwaona nyangumi kwa ubao: umesoma uzi wote huu kweli? Siiuzi. Nafundisha tanga, ndani ya mwamba, maji yakijaa. Wakipita nje tutawaona kutoka hukuhuku.