Maandishi ya matusi hadharani: mtu ashtakiwe au tumezee? Wana Mwanza tupeane uzoefu

Fundi Brashi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi naandika mabango na kubandika stika pale Mlango Mmoja, kwa hiyo mengi mnayoyasoma nyuma ya bajaji na Hiace za hapa mjini yamepita mikononi mwangu au kwa jirani yangu. Juzi kaja kijana na bodaboda mpya, anataka nimwandikie kwenye madigadi tusi la nguoni, herufi za njano, kumjibu mwenzake wa kijiwe kingine. Nilipokataa akaniuliza, "Fundi, sheria gani inakataza?" Nikabaki natafuta jibu.

Tusibishane hewani. Kila mtu aseme alichokutana nacho: tisheti, kanga, ukuta, daladala, mtumbwi. Kuna aliyeadhibiwa? Ilisaidia? Msimamo wangu nauweka mapema: dola iingie pale maandishi yanapomlenga mtu anayejulikana. Tusi lisilo na mwenyewe tuachiwe sisi wenye brashi, wenye magari na wenye mitaa.

Konda Mstaafu

Nimekuwa konda ruti ya Buhongwa kwenda Airport miaka mingi tu. Gari letu lilikuwa na stika mbili. Ya nyuma ilikuwa tusi lililofichwa kwa nukta nukta, na kila mtu analijua. Ya ndani ilikaa juu ya kioo cha dereva: WANENE NAULI MARA MBILI.

Trafiki alitusimamisha kwa ile ya nyuma. Abiria wamo ndani, jua la saa nane, mimi nimechuchumaa kwenye bampa nakwangua gundi kwa wembe na mafuta ya taa, yeye amekunja mikono ananiangalia. Kosa ni lipi hakusema, na risiti ya tulichotoa sikuiona.

Ya ndani hakuigusa. Sasa siku moja akapanda mama pale Mkuyuni na kapu lake la nyanya, mwili umejaa. Kijana mmoja kiti cha nyuma akaisoma stika kwa sauti, gari zima likaangua kicheko. Mama hakujibu neno. Kituo kilichofuata akashuka, akaniwekea nauli kamili kiganjani, akaita bodaboda. Lile tusi la nukta nukta halikuwahi kumshusha abiria hata mmoja. Stika ya ndani nikaibandua usiku uleule, na tajiri wa gari akaniwakia kwamba namharibia mapambo.

Kwa hiyo fundi, hiyo mizani yako ya "kumlenga mtu" mimi sijui inampima vipi yule mama. Hakutajwa popote.

Mzee wa Bwiru

Mimi niliandika ukutani kwangu ANAYEKOJOA HAPA NI MBWA. Wakojoaji wakaendelea kama kawaida. Ila nina mjukuu wa darasa la pili, ndiyo kwanza anajua kusoma, akawa anawasomea wageni wote getini. Alipomsomea katekista nikanunua rangi.

Mwanafunzi wa Sheria

Shikamoo mzee, umenichekesha.

Fundi, kijana wako mwambie sheria ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89: kumtolea mtu mwingine lugha chafu au ya matusi kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani ni kosa, kifungo miezi 6. Hapo kuna mambo mawili ya kuthibitisha, kwamba yupo aliyetukanwa, na kwamba ugomvi ungeweza kuzuka. Madigadi ya kumjibu mtu wa kijiwe cha pili yanaingia humo bila shida. Stika ya Konda ya nukta nukta inayumba kote kuwili. Maneno ya kuumiza imani ya mtu kwa makusudi yana kifungu chake, cha 129. Na Katiba yetu ya 1977, ibara ya 18, inatoa uhuru wa maoni, halafu ibara ya 30 inauwekea mipaka.

Kesi tunayofundishwa sana kwenye mada hii ni ya Marekani. Aprili 1968, wakati wa vita ya Vietnam, kijana wa miaka 19 anaitwa Paul Robert Cohen aliingia kwenye jengo la mahakama Los Angeles amevaa jaketi lenye tusi zito dhidi ya kuandikishwa jeshi kwa lazima. Koridoni kulikuwa na wanawake na watoto. Hakupiga kelele wala kumtishia mtu. Alipofika chumba cha hakimu alilivua jaketi akalikunja mkononi. Polisi akampelekea hakimu kikaratasi ili amshughulikie, hakimu akakiacha kilivyo, basi polisi akamsubiri atoke ndipo akamkamata. Akahukumiwa kifungo cha siku 30. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Harlan alisema tusi lile halikuelekezwa kwa mtu yeyote, na aliyekereka angeweza kugeuza macho.

Uingereza nao walikuwa na kifungu cha 5 cha sheria yao ya mwaka 1986 kuhusu utulivu wa umma, kikigusa hadi maneno ya kukashifu tu. Baada ya kelele nyingi, hilo la kukashifu likaondolewa, na mabadiliko yakaanza kutumika Februari 2014. Vitisho na udhalilishaji vikabaki. Naona msimamo wa fundi unaelekea hukohuko, ingawa yeye kaupatia kwenye kopo la rangi.

Nahodha wa Igombe

Mwanasheria, hiyo ya kugeuza macho ni ya huko koridoni. Huku mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, utageuza macho uangalie wapi?

Kwetu matajiri wawili wa mitumbwi ya dagaa waligombana. Kijana wa kazi alichukua pesa ya kuanzia kwa mmoja akahamia kwa mwingine, mnajua wenyewe mambo hayo. Aliyepata hasara akaandika ubavuni mwa mtumbwi, rangi nyeupe kwenye lami nyeusi, jina la mwenzake kamili, kisha: ANAKULA JASHO LA WATU, KWAKE WANAKULA WENZIE. Kila alfajiri mtumbwi unaingia, akina mama wa kuanika dagaa wanausoma, watoto wanausoma, mke wa anayesemwa yupo palepale na beseni lake. Unadhani iliishaje? Makafi. Kijana mmoja alivunjwa mfupa wa bega, na wala hakuwa upande wowote, alikuwa anaokota kamba.

Polisi walikuja, maelezo yakaandikwa, watu wakatoka kwa dhamana. Kilichomaliza mambo ni viongozi wa mwalo. Walisema mtumbwi ule haushushi mzigo hadi maneno yaondoke. Dagaa wa usiku hawangoji hukumu, jua likishapanda wanaanza kulegea na bei inalegea nao. Tajiri mwenyewe, na kitambi chake, alichukua msasa akapiga magoti kwenye maji. Hakuna hakimu ambaye angefanya kazi ile kwa muda ule.

Fundi Brashi

Nahodha, rangi nyeupe juu ya lami haikai, ingebanduka yenyewe baada ya muda. Tatizo mfupa wa bega hausubiri.

Ticha Igoma

Mnacheka, lakini ngoja niwaletee jingine.

Nyuma ya soko, kwenye ukuta ambao wanafunzi wetu wote wanaupita, mtu aliandika kwa mkaa jina kamili la binti wa kidato cha pili, jina la shule, na bei. Bei, wakuu. Binti wa watu hajui hata nani kamchukia. Baba yake alikwenda kituoni akaambiwa amlete aliyeandika. Angemtoa wapi? Wakati anazunguka, watu wazima wenye watoto wao walikuwa wanapiga picha na kuzitupa kwenye magrupu ya WhatsApp, eti "jamani hii ni aibu", huku wanaisambaza. Jioni ilikuwa imefika hadi Kisesa.

Walimu watatu tulikwenda na ndoo ya chokaa. Tunapaka, maandishi yanarudi ya kijivu. Tunapaka tena, yanarudi.

Binti kahamishiwa kwa shangazi yake Geita. Sasa wanaosema sheria isiingilie maandishi, njooni mzungumze na baba yake.

Fundi Brashi

Ticha pole sana. Mimi sijasema isiingilie hapo, hapo ndipo ninapoitaka kuliko popote. (Mkaa unafutwa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha sabuni, ukauke, ndipo chokaa. Ukipaka juu yake utapenya milele.)

Mwanafunzi wa Sheria

Ticha, mwandishi wa ukutani ni mgumu kumpata, ila waliotuma picha wana namba zao za simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inahusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Faini haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Linganisheni na ile miezi 6 ya tusi la mdomoni au la ukutani. Kazi ni kuthibitisha nia, maana kila mmoja atasema alikuwa anasikitika tu. Mkikutwa na jambo kama hilo tena, pigeni picha moja mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ibaki kwake kama ushahidi, ndipo mfute. Isiingie kwenye grupu lolote, hata la wazazi.

Mama Doti

Wanangu, mimi nauza kanga Makoroboi, na hayo mambo yenu ya majina naona hamjayajua.

Wanawake wawili wa Kirumba, jirani kwa jirani, mume mmoja anasemwa katikati. Mmoja akaja dukani akachagua doti yenye jina MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Akawa anaianika kwenye kamba inayotazama mlango wa mwenzake, kavu au mbichi, kila siku. Yule wa pili akaivua kwenye kamba akaibeba hadi ofisi ya mtaa, anaitandaza mezani kwa mtendaji kama kidhibiti. Mtendaji akamuuliza, "Jina lako liko wapi hapa?" Akarudi nyumbani analia, na akashtakiwa yeye kwa kuiba kanga.

Haya fundi, halina jina, halina tusi, na mtaa mzima ulijua anaambiwa nani. Utaliweka kundi gani?

Fundi Brashi

Mama, hapo umenishika. Ningeiacha, kwa sababu siku tukianza kushtaki kanga, wewe na mimi wote tunafunga biashara. Lakini ningemlipisha yule mtendaji kwa kumdhihaki mtu aliyemwendea na shida.

Konda Mstaafu

Na mama wa nyanya?

Mwanafunzi wa Sheria

Konda, kifungu cha 89 hakidai jina litajwe, kinataka awepo aliyetolewa maneno na ugomvi uwezekane. Mama wa nyanya alinyamaza, hivyo ingekuwa vigumu kuthibitisha kwamba ugomvi ungeweza kuzuka. Angemzaba yule kijana kofi tungekuwa na kesi, ila mshtakiwa angekuwa yeye.

Konda Mstaafu

Ndiyo maana nasema hiyo sheria yenu inawasikia wagomvi tu. Wa Sengerema na Ukerewe mko kimya, leteni na ya kwenu.