Rwanda na Kongo wakizidi kuvimbiana, sisi hapa Dar tunasimama wapi?

Kontena_40 ameuliza:

Wakuu salama? Nina swali, naomba tusitukanane. Mimi nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ipo Kurasini. Asubuhi nikifungua mafaili la kwanza ni mzigo wa Kigali unapita Rusumo, la pili mzigo wa Lubumbashi unapita Tunduma, na wote wananipigia simu kufoka meli ikichelewa kushusha.

Juzi dereva mmoja wa Kinyarwanda na dereva wetu wa Kibongo anayekwenda Kolwezi walianzisha mada ya M23, wale waasi wa mashariki ya Kongo, kwa mama ntilie wakisubiri makaratasi, ikawa kelele mpaka mama akasogeza sufuria la maharage lisije likapigwa teke. Yule wa kwetu anasema Rwanda ni mchokozi, yule mwingine anasema nyie mnakula hela zetu bandarini afu mnatuma wanajeshi kutupiga. Nikakosa la kusema.

Maana kweli vijana wetu wa JWTZ walikuwa kule upande wa Kongo, na huku mzigo mwingi wa Rwanda tunautoa sisi. Sasa Tanzania tupo upande gani hasa? Na hawa wawili wakiendelea hivi bandari yetu inaumia au haiumii?

Chuma_cha_Mbagala:

Upande uko wazi mkuu, Kongo ndo kavamiwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kwenye ripoti yao ya katikati ya 2024 walisema wanajeshi wa Rwanda 3,000 mpaka 4,000 wapo Kivu, mashariki ya Kongo, wanapigana bega kwa bega na M23. Rubaya, mji wa migodi, M23 wameichukua tangu Aprili 2024, pale panatoka kama asilimia 15 ya tantalum ya dunia nzima, madini ya kutengenezea simu, hiyo simu unayotumia kuandikia swali inawezekana ina kipande cha Rubaya ndani. Eti usalama wa mipaka. Mpaka gani unalindwa kwa kuchimba coltan, hayo mawe yenye tantalum?

Wa_Rusumo:

Chuma punguza jazba. Mimi nimezaliwa Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 ndani ya siku moja tu walivuka lile daraja la Rusumo watu kama 250,000, Benaco ikageuka mji wa maturubai, na mule mule kambini walikuwemo waliotoka kuua kwenye mauaji ya kimbari ya Rwanda. Upande wa Zaire, ndo Kongo ya leo, ilikuwa hivyo hivyo ila mara nyingi zaidi, na wale wauaji hawakunyang'anywa bunduki wala kusogezwa mbali na mpaka. Mabaki yao ndo FDLR ya leo, waasi wa Kinyarwanda walioko Kongo. Ripoti hizo hizo za UN unazozinukuu zinasema pia jeshi la Kongo limekuwa likishirikiana na FDLR, hiyo sehemu mbona umeiruka? Na Rais wa Kongo, Tshisekedi mwenyewe, Desemba 2023 kwenye kampeni alitishia kwamba risasi ndogo tu ikilia ataivamia Rwanda. Ukiwa Kigali, nchi yenyewe unaivuka kwa gari asubuhi mpaka mchana, kauli kama ile utaichukulia utani?

Sisemi madini hayapo. Yapo, na wanayala. Ila anayesema ni madini tu hajui ile hofu ilikotoka, na anayesema ni hofu tu huyo anakula mshahara wa mtu.

Chuma_cha_Mbagala:

Hofu ya miaka 30 inayokuja na lori la kubebea mchanga wa madini. Haya.

Mzee_wa_Upanga:

Vijana mnabishana vizuri lakini hamjamjibu mwenzenu. Aliuliza sisi tupo wapi.

Sisi tumewahi kuchagua upande, ikatugharimu. Mei 2013 Rais Kikwete akiwa Addis Ababa alishauri Rwanda izungumze na FDLR, kama ambavyo Kongo ingezungumza na M23. Kigali waliwaka moto, kwao ilikuwa sawa na kuambiwa kaa meza moja na aliyemuua mama yako. Mwaka huo huo ile brigedi ya UN ya kushambulia, chini ya azimio 2098, ilikuwa na Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu. Novemba M23 wakasalimu amri. Shangwe mjini hapa, kila kijiwe kikawa na mchambuzi wa kijeshi.

Lakini huku nyuma Rwanda ilipandisha ushuru wa barabara kwa malori yetu kutoka dola 152 mpaka 500, wakasema wanalipiza kwa kuwa na sisi tulikuwa tunawatoza 500. Kenya, Uganda na Rwanda wakaanza kukutana wenyewe kwenye vikao vya reli na bomba huku sisi tukisoma magazetini. Waliokuwa na malori kipindi kile waulizeni.

Safari ya pili tukaenda na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Desemba 2023. Hapo mambo yalikuwa mengine kabisa, hakuna ndege za kutosha, adui ana silaha za kisasa. Aprili 2024 tukapoteza vijana 3 kwa kombora. Januari 2025 mji wa Goma ukaangukia mikononi mwa M23, Afrika Kusini ikapoteza 14. Februari 8 wakaja wakuu wa EAC (Afrika Mashariki) na SADC hapa hapa Ikulu Dar, Rais Kagame wa Rwanda kafika mwenyewe, Tshisekedi kwenye skrini, wakaagiza vita visimame mara moja, na wiki moja haikuisha vizuri M23 wakaingia Bukavu. Machi SADC ikafunga misheni. Na mnajua wale wanajeshi walirudi kwa njia gani? Kwa barabara, katikati ya Rwanda, mpaka Chato huku kwetu. Yaani umetumwa kumzuia mtu afu unarudi nyumbani kwa kupita sebuleni kwake na kwa ruhusa yake. Baada ya hapo ndo utaelewa kwa nini lugha ya serikali yetu imekuwa ya "pande zote zijizuie".

Kontena_40:

Mzee shikamoo, hiyo ya Chato nilikuwa siijui kabisa. Kwa hiyo tumenyamaza kwa sababu tumeshindwa au kwa sababu ya biashara?

Mzee_wa_Upanga:

Marahaba. Vyote viwili, na usinilazimishe nichague kimoja.

Binti_Ujiji:

Naomba niingie kwenye bandari maana hapo ndo nimekulia, baba alikuwa na boti.

Kaka Kontena, mzigo wako wa Lubumbashi na Kolwezi haupiti kwenye vita. Unatoka Tunduma unaingia Zambia, unatokea Kasumbalesa, na kutoka pale hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,000. Ndo maana Goma ilipoanguka malori ya shaba yaliendelea kuja kama kawaida. Wanaopiga kelele kwamba vita vya Kivu vinaua bandari ya Dar hawajafungua ramani. Mshindani wa ule mzigo ni reli ya Lobito ya Angola, ile inayosukumwa na Marekani, na hao Angola ndo walikuwa wasuluhishi wa Kongo na Rwanda mpaka Machi 2025. Msuluhishi ana bandari, sisi tuna bandari, Mkenya naye ana bandari, kila mtu anaombea amani ipite kwake.

Pa kuangalia ni ziwani. Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini makubaliano ya amani Washington, Desemba 4 wakasaini marais wenyewe mbele ya Trump, na kabla ya wiki kwisha M23 wako Uvira, mji wa Kongo ulio juu ya Ziwa Tanganyika. Baadaye walitangaza kutoka, sawa, lakini walishaonyesha kwamba wakitaka wanafika. Uvira ni pua na mdomo na Bujumbura, na Burundi ilishafunga mpaka wake na Rwanda tangu Januari 2024, afu ina wanajeshi wake humo humo Kivu. Ukishuka na ziwa kusini unakuta Kalemie, na Kalemie ni ng'ambo ya Kigoma. Hapo sio habari ya runinga tena, hapo ni saruji, unga na mafuta yanayopakiwa Kigoma, ni kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyojaa Wakongo tangu 1996, ni hiyo reli ya kisasa inayojengwa kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Nani ataweka mzigo kwenye reli inayoishia kwenye moto?

Kwa hiyo mimi nikiulizwa Tanzania ipo upande gani nasema upande wa ziwa. Goma tulipeleka jeshi kwa ajili ya watu wengine. Kalemie ikitikisika serikali yetu haitakuwa na nafasi ya kukaa katikati, hata kama Kigali watanuna na malori yao wakayahamishia Mombasa.

Wa_Rusumo:

Mombasa kwa Kigali ni mbali zaidi dada, watanuna ila watapita Rusumo wakiwa wamenuna. 2013 walinuna na waliendelea kupita.

Chuma_cha_Mbagala:

Binti umesema kweli, ila unataka tusubiri mpaka wafike Kalemie? Si bora kumzuia mtu akiwa Bukavu?

Binti_Ujiji:

Umzuie kwa kitu gani? Mzee kashakuelezea ya Chato.

Kontena_40:

Ahsanteni wakuu, nimepata cha kumjibu yule dereva akirudi. Binti, nje ya mada kidogo, kuna mteja anataka kupitisha kontena mbili za vifaa vya ujenzi kwenda Kalemie kwa Kigoma badala ya Tunduma, bosi anasema hatari. Wewe unaonaje?

Binti_Ujiji:

Kwa sasa meli zinavuka. Mwambie akate bima ya vita kabisa, asipewe ile ya kawaida, na malipo yote achukue kabla mzigo haujatoka Kigoma. Njoo inbox nikuunganishe na mtu wa pale gatini.