Santuri ya Freddie Mercury: A Night at the Opera, Greatest Hits au Mr. Bad Guy?

GitaaNyuziSita: Wakuu, Jumamosi nanunua santuri moja ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ya zawadi. Dukani zipo tatu: A Night at the Opera na Greatest Hits za Queen, na Mr. Bad Guy. Nibebe ipi?

MzeeSindano: Zawadi ya nani? Mashine ya kuchezea santuri anayo? Mpya au mtumba? Bei je? Ongeza nyama mkuu.

BintiShangani: A Night at the Opera, 1975, usiulize mtu. Wimbo wake Bohemian Rhapsody unakaribia dakika sita, kiitikio hauna, na kwenye chati za Uingereza ulikaa namba moja wiki 9. Love of My Life nayo ni utunzi wa Freddie.

KakaBesi: Mgeni mpe Greatest Hits, toleo la Uingereza la 1981. Nyimbo 17, na 10 kazitunga Freddie. Ila Another One Bites the Dust ni ya John Deacon, mpiga besi wa Queen. Watu wanamsahau, inaniuma sana.

MzeeSindano: Mtumba muwe macho jamani. Mwaka juzi niliagiza hiyo hiyo Greatest Hits kwa muuzaji wa mtandaoni. Pichani jalada linang'aa. Imefika baada ya wiki tano, naiweka kwenye mashine, sindano inapanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi. Joto limeipinda. Nikaibana kati ya vioo viwili na vitabu juu yake, siku nne. Katikati ikanyooka, ukingoni wapi. Na Bohemian Rhapsody ndiyo ya kwanza, iko ukingoni kabisa. Hadi leo inaruka. Muuzaji hajibu.

GitaaNyuziSita: Poleni mzee wangu. Ni ya baba, anatimiza miaka 70. Mashine anayo. Amekulia Unguja.

BintiShangani: Basi Freddie ni wa kwao! Jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja, 1946.

KakaBesi: Kuzaliwa sawa, dada, lakini piano kajifunzia India, shule ya bweni Panchgani. Familia ikahamia Uingereza 1964. Rock yake ni ya London.

BintiShangani: Kaka, utoto wa mtu haufutiki kwa kupanda ndege.

Kinanda85: Mbona Mr. Bad Guy hamuigusi? Ndiyo albamu yake mwenyewe bila Queen, nyimbo 11, zote kaandika yeye. Anayetaka kumjua mtunzi aanzie hapo.

KakaBesi: Bila gitaa la Brian May wa Queen? Mimi siwezi.

MzeeSindano: Mkuu, bei bado hujasema. Na omba kwanza uione ikizunguka.