Kiki na besi zinagombana kwenye singeli ya mapigo 200: nianzie wapi?

Fundi wa Sinza (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Ninatayarisha muziki chumbani kwangu hapa Sinza, na kwa miezi mitatu sasa kuna jambo moja ambalo limenishinda. Nina wimbo wa singeli wenye kasi ya mapigo 200 kwa dakika, umo katika ufunguo wa G, na ndani yake kuna kiki ya kielektroniki (ile ngoma nzito ya chini inayogonga pigo) pamoja na besi ya sinthesaiza inayoshika noti za chini kabisa. Nikikaa kwenye kiti changu mchanganyiko unasikika vizuri, tena besi naiona pungufu kidogo, kwa hiyo kila mara huwa naiongeza.

Jumamosi iliyopita wimbo huo ulipigwa kwenye sherehe ya mtaani Tandale, na nilichokisikia kilinivunja moyo. Besi ilikuwa inavuma mfululizo kama jenereta, kiki ilikuwa imezama ndani yake, na isitoshe pigo moja lilitoka zito huku linalofuata likitoka limekauka, kana kwamba kuna mtu anapandisha na kushusha sauti. Msanii aliyekuwa anaghani juu yake ilibidi apige kelele ili maneno yasikike.

Nimejaribu kuikata besi chini ya 60 Hz (mitetemo 60 kwa sekunde) kwa ikwalaiza, nikaiongezea kiki desibeli 6 hapo hapo kwenye 60 Hz, kisha nikaweka kompresa ya saidicheni, ile inayoishusha besi kila kiki inapogonga. Kila hatua ilibadilisha sauti, lakini ugomvi ulibaki pale pale. Kiki yenyewe niliitoa kwenye mkusanyiko wa sampuli. Nikiipima, kilele chake kiko 52 Hz na urefu wake ni milisekunde 450. Ninatumia spika za mezani za inchi 5 na hedifoni, na kwa sasa sina uwezo wa kununua nyingine. Naomba mwenye uzoefu anielekeze.

Mzee wa Mitambo

Kijana wangu, kabla ya kugusa ikwalaiza hebu pima chumba chako kwa futi kamba. Kina urefu gani, na kiti chako kiko umbali gani kutoka ukuta unaoutazama?

Fundi wa Sinza

Shikamoo mzee. Chumba kina urefu wa mita 3.5 na kiti kiko karibu katikati kabisa.

Mzee wa Mitambo

Marahaba. Basi sehemu ya kwanza ya jibu tumeipata.

Katika joto letu hili la Dar es Salaam sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la 50 Hz lina urefu wa mita 7. Nusu yake ni mita 3.5, yaani urefu wa chumba chako hasa. Wimbi la namna hiyo likinaswa kati ya kuta mbili, shinikizo lake huwa kubwa kwenye kuta zote mbili na huwa dogo mno katikati, mahali ulipoweka kiti. G ya chini kabisa unayoipiga kwenye besi iko 49 Hz na kiki yako iko 52 Hz, hivyo vyote viwili vimeangukia ndani ya shimo hilo. Wewe huvisikii, unaviongeza, na Tandale, ambako hakuna kuta nne za kukuficha, watu wanapokea kila kilichozidi.

Usinisadiki kwa maneno. Fungua programu yako, toa toni tupu ya 50 Hz kwa sauti ya wastani, kisha simama mgongo ukiwa umegusa ukuta wa nyuma, utembee polepole hadi kwenye kiti. Utasikia toni inapungua hatua kwa hatua mpaka inakaribia kutoweka, na ukivuka kiti kuelekea ukuta wa mbele itarudi. Mimi nilipolifanya jaribio hilo kwa mara ya kwanza, katika chumba kilichokuwa kikinisumbua muda mrefu, nilirudia mara tatu kwa sababu nilidhani spika imekatika waya.

Sogeza kiti mbele, kiwe kama mita 1.3 kutoka ukuta unaoutazama, na spika zisogee nacho. Hutapata chumba kamilifu, lakini utatoka shimoni. Zile sponji nyembamba ambazo vijana wengi hubandika ukutani hupunguza mwangwi wa sauti za juu tu. Wimbi la mita 7 halizitambui. Kwa maamuzi ya besi tumia hedifoni zaidi, na ukishachagua kiwango kimoja cha sauti cha kufanyia kazi ubaki nacho, kwa kuwa sikio la binadamu huisikia besi hafifu zaidi sauti inapokuwa ndogo. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hilo huko Marekani na kulichapisha mwaka 1933, na mpaka leo linawapotosha watu wanaochanganya muziki usiku kwa sauti ya chini wakihofia majirani.

Binti Kigamboni

Ninakubaliana na mzee kuhusu chumba, ila ningependa kutenganisha mambo mawili. Chumba kinaeleza kwa nini besi ilizidi. Hakielezi kwa nini pigo moja linakuwa zito na jingine kavu, maana hilo umelisikia Tandale nje ya chumba chako, hivyo kosa limo ndani ya wimbo wenyewe.

Tuanze na muda, kwa sababu kwenye singeli muda ndio unaobana kuliko masafa. Kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika, kila pigo lina milisekunde 300 tu. Kiki yako ina milisekunde 450. Maana yake ni kwamba kiki ya kwanza haijamaliza kuvuma wakati ya pili inaingia, na kama umeweka kiki za nusu pigo, ambazo singeli inazo nyingi, nafasi inashuka hadi milisekunde 150. Hakuna ikwalaiza itakayoponya hilo. Kiki hiyo ingekaa vizuri kwenye wimbo wa mapigo 110, ambako pigo moja lina zaidi ya milisekunde 540, na ninadhani sampuli nyingi tunazopakua zimetengenezwa kwa ajili ya nyimbo za kasi hiyo. Ifupishe. Punguza mkia wake mpaka ifike kati ya milisekunde 120 na 150, ukiumalizia kwa mteremko mfupi ili usisikike umekatwa kwa kisu. Ukiisikiliza peke yake utaiona nyembamba, na utashawishika kuirudisha ilivyokuwa. Usiirudishe kabla hujaisikiliza pamoja na besi, kwa kuwa uzito wa chini utakuwa unabebwa na besi, kazi ya kiki ikiwa ni kugonga.

Sasa nije kwenye fezi, yaani mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake, ambayo naamini ndiyo chanzo cha pigo zito na pigo kavu. Kiki huanza kila mara mahali pale pale pa wimbi lake. Besi ya sinthesaiza, isipokuwa umeiamuru vinginevyo, huendelea kuzunguka bila kujali kiki imeingia lini. Kwa hiyo kwenye pigo moja mawimbi mawili yanapanda pamoja, na yakiwa na nguvu sawa jumla yake huongezeka kwa desibeli 6. Kwenye pigo linalofuata moja linapanda wakati jingine linashuka, nayo yanafutana. Kwenye 50 Hz inatosha mojawapo kuchelewa milisekunde 10 ili yawe yamepingana kabisa. Zaidi ya hapo, 49 Hz na 52 Hz zikisikika kwa pamoja hutoa mtikisiko wa mara 3 kwa sekunde, ambao ndio huo unaouona kama mtu anapandisha na kushusha sauti.

Ndani ya sinthesaiza yako tafuta sehemu inayoamuru wimbi lianze upya kila noti inapopigwa, uiwashe. Kisha shusha kiki kwa karibu nusu toni moja ili itoke 52 Hz ikae 49 Hz, ipatane na G. Baada ya hapo kuza picha ya mawimbi kwenye skrini mpaka uone mzunguko mmoja mmoja, uangalie kama kiki na besi zinaanza kwa kupanda zote mbili. Kama moja inashuka, igeuze kichwa chini kwa kitufe cha kugeuza fezi, usikilize tena. Utajua umepata pale besi itakaponenepa bila wewe kugusa kiwango chochote.

Hatua zako za awali zifute zote. Uliikata besi chini ya 60 Hz wakati noti yake kuu iko 49 Hz, yaani uliondoa mwili wake ukabakiza vivuli, ile mitetemo ya juu iliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya noti yenyewe. Pia kumbuka kwamba kichujio kikali huzungusha fezi karibu na pale kinapokata, kwa hiyo kila ukikiweka rudi kuangalia mawimbi. Saidicheni iweke mwisho kabisa, ipunguze besi kwa desibeli 3 au 4, na irudi yote ndani ya milisekunde 100. Ikichelewa kuliko hapo, pigo la pili litaikuta besi bado iko chini na wimbo mzima utakuwa unahema.

Mtambo wa Mbagala

Dada amemaliza karibu kila kitu, mimi ninaongeza kuhusu simu. Wasikilizaji wetu wengi wataupata wimbo huu kwanza kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kutoa 49 Hz hata kidogo. Ongeza uchafuzi (distortion) kidogo kwenye besi ili ipate vivuli vya 98, 147 na 196 Hz pamoja na vilivyo juu yake. Sikio likivisikia hivyo hujijazia lenyewe noti ya chini isiyokuwepo. Fanya hivyo kwenye nakala ya besi iliyoondolewa kilicho chini ya 100 Hz, ili sehemu ya chini ibaki safi. Kinanda, makofi na sauti ya msanii navyo vikatwe chini ya 100 Hz, na kila kilicho chini ya 120 Hz kiwe mono, yaani sauti ile ile kushoto na kulia, kwa sababu mitambo mingi ya mtaani imeunganishwa mono.

Kuhusu kuipatanisha kiki na G, mimi huwa sifanyi hivyo kila mara. Kiki fupi ya milisekunde 120 haina muda wa kusikika kama noti, na wakati mwingine naiacha juu zaidi, karibu na 73 Hz ambayo ni D, halafu besi inabaki na chini peke yake.

Binti Kigamboni

Hilo nalo linafaa, kaka, mradi kiki iwe fupi kweli. Fundi ajaribu zote mbili.

Fundi wa Sinza

Nimerudi na majibu. Toni ya 50 Hz ilitoweka kitini kama mzee alivyosema, nikamwita mdogo wangu atembee naye, akauliza kama nimezima. Kiti kimesogea.

Kiki sasa ina milisekunde 140. Nilipowasha ile amri ya kuanza upya kwa wimbi, mapigo yakawa sawa papo hapo, na nilipoigeuza kiki fezi, kwa kuwa ilikuwa inashuka wakati besi inapanda, besi ikajaa kiasi kwamba nimeishusha kwa desibeli 4. Niliijaribu kiki ya 73 Hz. Ilisikika vizuri kwenye hedifoni, ila kwenye spika za bajaji ya jirani ile ya 49 Hz iligonga kifuani zaidi, nayo ndiyo niliyoichagua. Saidicheni inapunguza desibeli 3. Toleo hilo nimempelekea msanii jana usiku, naye ameomba nizirudie nyimbo zake mbili za zamani, nizifanye vivyo hivyo.